Duka jembamba la Mji Mkongwe kwa matofali ya LEGO: mwongozo kamili

Ukitembea Hurumzi, Gizenga au Mkunazini, Unguja, utaona maduka yaliyobanana bega kwa bega, kila moja na upana wa mita 4 hivi. Chini ni duka, juu ni makazi. Mbele kuna mlango wa mbao wa mabawa mengi unaokunjwa asubuhi na kufungwa jioni, na kando kidogo kuna mlango mwembamba wa ngazi ya kupandia juu. Aina hii ya nyumba ililetwa na wafanyabiashara kutoka Gujarati, ikakulia Zanzibar, na ni moja ya sura zilizoufanya Mji Mkongwe uandikwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Wembamba huo una chanzo chake. Sakafu na dari za nyumba hizi zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti nzuri huvuka nafasi ya mita 3 hivi, kidogo zaidi au pungufu. Fundi hakuchagua upana wa chumba. Mti ndio uliomchagulia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye boriti na kwenda nje. Anayeanza na sura ya mbele peke yake hupata picha ya duka. Anayeanza na boriti hupata duka lenyewe, hata likiwa na upana wa sentimita 10 tu.

Maneno nitakayotumia ni haya. Kinundu ni kile kidude cha duara juu ya tofali. Kibamba ni kipande chembamba chenye vinundu. Kigae ni chembamba pia, lakini uso wake ni laini. Vibamba vitatu vikipandana vinapata kimo cha tofali moja. Namba ninazotaja ni namba za vipande zinazotumika kwenye masoko ya matofali mtandaoni, ili usije ukanunua kitu kingine.

Chagua duka, kisha liombe

Chagua duka moja halisi, si "duka la Kizanzibari" la kubuni kichwani. La kubuni litakuwa na kila kitu kizuri ulichowahi kuona, na kwa sababu hiyo halitafanana na lolote. Duka halisi lina mambo ambayo usingeyawaza: bawa moja la mlango lililobadilishwa kwa mbao ya rangi nyingine, waya wa umeme uliopita juu ya dirisha, lipu iliyobanduka pembeni ikaonyesha mawe.

Ingia, salimia, sema unachotaka kufanya, omba ruhusa ya kupima na kupiga picha. Mwenye duka ana haki ya kukataa. Akikubali, mara nyingi atakueleza mwenyewe mengi kuliko utakayoyapima: mlango ulikunjwaje zamani, ngazi ilikuwa wapi, dari ilitengenezwa lini. Kama unataka kuandika jina la duka lake kwenye kibao cha mfano wako, liombee ruhusa nalo.

Nenda mara mbili kwa saa tofauti. Mara ya kwanza duka likiwa wazi, uone ndani. Mara ya pili likiwa limefungwa, kwa mfano Ijumaa wakati wa sala, uone mbao za mlango zilivyogawanyika. Bila safari hiyo ya pili utabuni mlango, na mlango ndio uso wa duka.

Vipimo unavyohitaji si vingi. Upana wa nje kutoka ukuta wa jirani hadi ukuta wa jirani. Upana wa uwazi wa duka. Upana na urefu wa bawa moja la mlango, kisha hesabu ya mabawa. Kimo cha baraza. Unene wa ukuta kwenye mwimo wa mlango. Vilivyo juu huwezi kuvifikia kwa futi, basi bandika karatasi ya A4 ukutani kwa ruhusa, upande wake mrefu ukiwa wima, na upige picha ukiwa umesimama sambamba na ukuta. Karatasi hiyo ina urefu wa milimita 297, na kila kitu kwenye picha unaweza kukilinganisha nayo. Vichochoro ni vyembamba, hutapata nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo piga picha vipande vipande, simu ikiwa wima na bila kuiinamisha. Picha iliyopigwa kwa kuinua simu kuelekea juu itakuonyesha ghorofa fupi kuliko ilivyo.

Kipimo: kutoka mita hadi vinundu

Kidoli cha LEGO kina kimo cha sentimita 4 hivi. Ukimchukulia kuwa mtu wa mita 1.70, unapata uwiano wa 1 kwa 42. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kwa hiyo kinundu kimoja ni sentimita 34 za dukani. Kimo cha tofali ni milimita 9.6, yaani sentimita 40. Kibamba ni milimita 3.2, yaani sentimita 13. Andika tarakimu hizo tatu juu ya daftari lako: 34, 40, 13. Utazirudia kila hatua.

Sasa gawanya. Boriti ya mita 3 ni vinundu 9. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita ni kinundu kimoja na nusu, na kuta ziko mbili. Jumla ni vinundu 12, yaani sentimita 9.6. Hesabu imefunga bila kulazimishwa, na ndiyo maana napenda uwiano huu kwa nyumba za pwani.

Kwenye matofali, kuta za ubavuni nazijenga kwa unene wa kinundu kimoja tu, ili ndani ibaki nafasi ya vinundu 10. Unene wa kweli wa ukuta haumo ubavuni, kwa sababu ubavuni kuna jirani na hakuna anayeuona. Unaonekana mbele, pale dirisha na mlango vinapozama ndani ya ukuta. Ukuta wa mbele basi uwe na unene wa vinundu 2. Hapo ndipo usibane matumizi.

Mgawanyo wa mbele, ukihesabu kutoka kushoto, uko hivi: nguzo 1, mlango wa ngazi 2, nguzo 1, uwazi wa duka 7, nguzo 1. Jumla 12. Duka lako likiwa na mlango wa ngazi kulia, geuza. Likiwa halina, uwazi wote wa 10 ni wa duka. Kwenda nyuma, nimetumia vinundu 24: vinne vya kichochoro, viwili vya baraza, na kumi na nane vya jengo, ambavyo ni mita 6. Duka halisi huenda likaingia ndani zaidi. Kata tu, jicho linaloangalia kutoka mlangoni halifiki huko.

Vifaa

Chora kwanza kwenye programu ya Studio ya BrickLink. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na kwenye kompyuta za Apple, inaangalia kama vipande vinashikana kweli, na mwishoni inakupa orodha ya vipande vya kununua. Kama huna kompyuta, karatasi ya miraba inatosha kwa mpango wa sakafu. Kwa sura ya mbele karatasi hiyo itakudanganya, kwa kuwa tofali si mraba: upana wa kinundu ni 8, kimo ni 9.6. Chora miraba yako mwenyewe kwa uwiano wa 5 kwa 6.

Soko la BrickLink lina wauzaji wengi wadogo wa nchi mbalimbali, wengi wao Ulaya na Marekani. Gharama inayouma kwa anayeagiza kuja Afrika Mashariki ni ya posta, hivyo kusanya orodha yote kwa wauzaji wawili au watatu, usinunue vipande kumi hapa na kumi pale. Mwenye ndugu Ulaya au Ghuba anayekuja likizo, amtumie huyo mzigo. Matofali yaliyotumika ni sawa kabisa kwa kuta: yaoshe kwa maji vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, yaache yakauke kivulini. Matofali ya kampuni nyingine yanayoshikana na LEGO yapo pia, kwa kuwa hataza ya tofali la asili ilikwisha zamani. Yatumie ndani ya msingi na kuta za ubavuni. Kwa mlango na roshani nunua vipande vinavyobana vizuri, maana huko kila kitu kinashikwa na kinundu kimoja au viwili.

Rangi. Ukuta wa chokaa uliokaa kwenye mvua si mweupe. Chukua nyeupe iwe nyingi, kisha krimu na kijivu hafifu, na uchanganye bila mpangilio: kipande kimoja cha rangi tofauti katika kila kumi hivi, vikizidi kidogo karibu na ardhi na chini ya madirisha, ambako maji huchuruzika. Mbao zote ziwe kahawia nyekundu. Kama duka lako lina mabawa ya kijani au buluu, fuata duka lako.

Kitako na msingi

Kitako cha upana wa vinundu 12 kitengeneze mwenyewe kwa tabaka mbili za vibamba. Tabaka la chini: vibamba vinne vya 6 kwa 12 (namba 3028), vikilazwa kwa urefu kuelekea nyuma, viwili kwa viwili. Tabaka hili lina kiungo cha katikati kinachokwenda mbele hadi nyuma, na kiungo cha kukata kwenye kinundu cha 12.

Tabaka la juu lilale kwa upana, lakini lisianze na kibamba cha 6. Likianza hivyo, viungo vyake vitakuwa kwenye 6, 12 na 18, kile cha 12 kitaangukia juu ya kiungo cha chini, na kitako kitakatika hapo siku utakayokiinua. Anza mbele na kibamba cha 4 kwa 12 (3029), fuatisha vitatu vya 6 kwa 12, malizia na cha 2 kwa 12 (2445). Viungo sasa viko kwenye 4, 10, 16 na 22, na hakuna kinachokutana na cha chini. Kiungo cha 4 kimeangukia mwisho wa kichochoro, kwa hiyo kibamba hicho cha mbele unaweza kukifanya cha kijivu kwa ajili ya njia.

Juu yake jenga msingi wa kimo cha tofali moja: jengo lote pamoja na baraza, isipokuwa mbele ya mlango wa ngazi, ambako unaacha pengo lenye daraja moja la nusu kimo. Ndani ya msingi usijaze. Zungusha matofali ya upana wa vinundu 2 kwenye kingo, weka mengine katikati kama nguzo, kisha funika kwa vibamba. Baraza limalizie kwa vigae vya krimu, ukiacha kinundu kimoja au viwili wazi ili mtu akae. Baraza bila mtu si baraza.

Mlango wa mabawa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Bawa moja la mlango wa duka lina upana wa sentimita 34 hivi, ambacho ni kinundu kimoja. Uwazi wa vinundu 7 unachukua mabawa mawili kushoto, nafasi wazi ya vinundu 3 katikati, na mabawa mawili kulia. Duka linaonekana limefunguliwa nusu, ndani panaonekana, na mlango nao unaonekana. Nimeona watu wakijenga duka lililofungwa kabisa kwa kuogopa kujenga ndani, na wanapoteza nusu ya uzuri.

Kimo cha mlango ni mita 2.4, yaani matofali 6. Ukipanga matofali sita ya kahawia juu ya mengine, utaona mistari sita ya kulala, na mbao za mlango zimesimama. Kwa hiyo mbao lazima zisimamishwe, na hesabu inaruhusu vizuri sana: matofali 5 ya kimo ni milimita 48, na vinundu 6 vya upana ni milimita 48 vilevile. Fanya hivi.

Nyuma ya kila jozi ya mabawa, kwenye mstari wa pili wa ukuta wa mbele, jenga ukuta mdogo wa upana wa vinundu 2. Tofali la kwanza chini liwe lenye vinundu viwili ubavuni (11211), vikiangalia mtaani. La pili hadi la tano yawe ya kawaida ya 1 kwa 2 (3004). La sita liwe tena 11211. Sasa una vinundu vya ubavuni chini na juu, vikiwa vimeachana kwa umbali wa vinundu 6 kamili.

Bawa lenyewe lijenge mezani. Unganisha kibamba cha 1 kwa 3 (3623) na cha 1 kwa 4 (3710), ncha kwa ncha, na juu yake weka vigae kwa mpangilio wa kinyume: cha 1 kwa 4 (2431) kwanza, halafu cha 1 kwa 3 (63864). Kiungo cha vigae hakikutani na kiungo cha vibamba, na umepata ubao mmoja imara wa vinundu 7. Usimamishe na uubonyeze kwenye vinundu vya ubavuni, kile cha kwanza na kile cha saba.

Ubao huo una urefu wa milimita 56, na nafasi ni milimita 57.6. Ncha ya juu itafika sawasawa na mwisho wa tofali la sita, na chini itabaki nafasi ya milimita 1.6. Iache. Milango ya zamani kwa kweli imelika chini, kwa maji na kwa mchwa. Unene wa ubao ni milimita 6.4 ndani ya nafasi ya 8, kwa hiyo mlango umezama kidogo kutoka kwenye uso wa nguzo, na kivuli chake chembamba ndicho kinachotenganisha mbao na mawe.

Mbao nne za duka ziwe laini. Mbili za mlango wa ngazi ziwe tofauti: badala ya vigae, juu yake weka tena vibamba, ili vinundu vibaki wazi. Kwa uwiano wetu kinundu ni kikubwa mno kuwa msumari wa shaba wa mlango wa Zanzibar, lakini jicho linakipokea, na mlango wa kuingilia nyumbani unatofautika mara moja na mlango wa biashara. Vibamba vya dhahabu vya duara nisingeviweka: vingekuwa na upana wa sentimita 34 kila kimoja, na mlango mdogo ungegeuka pambo.

Nguzo tatu za mbele, kwenye kinundu cha 1, cha 4 na cha 12, zijenge kwa matofali ya 1 kwa 2 yaliyolala kuelekea ndani. Ziko pekee, zinayumba, na huwezi kuzishonea na mlango kabla ya kufika juu. Usiogope. Ukifika tofali la sita, laza kibamba cha 2 kwa 12 (2445) juu ya kila kitu, upana mzima wa duka. Kibamba hicho kimoja ndicho kizingiti, nacho kinafunga nguzo, milango na kuta zote kwa pamoja. Usikigawe kuwa viwili vya 6 kwa sababu ndivyo ulivyo navyo.

Juu ya kizingiti ongeza safu tatu za matofali. Safu ya kwanza, juu ya uwazi wa duka, tumia yenye mifereji usoni (2877) kwa rangi ya kahawia: ndiyo sehemu ya kupitishia hewa mlango ukifungwa. Kwa kuwa huenda kwa mbili mbili na uwazi ni 7, weka matatu na ujaze kinundu kilichobaki na tofali la kahawia la 1 kwa 1, upande wa nguzo. Safu mbili zilizobaki ni ukuta. Sehemu moja tu, chini karibu na kona, weka matofali mawili au matatu yenye sura ya mawe (98283) kwa rangi ya krimu iliyokolea, pale lipu ilipobanduka. Mawili au matatu, si kumi. Nyumba inayobanduka kila mahali si kweli na si heshima kwa mwenye nyumba.

Ndani: ngazi, duka, boriti

Ukuta wa kugawa ngazi na duka ufuate nguzo ya kinundu cha 4 moja kwa moja hadi nyuma. Upande wa ngazi una vinundu 2, wa duka una 7. Kutoka sakafuni hadi juu ya ukuta kuna vibamba 28: matofali 9 na kile kibamba cha kizingiti. Daraja la vibamba viwili kwa kila kinundu linakupa madaraja 14 kwa vinundu 14, na ndani una 15. Ni ngazi yenye mwinuko mkali, kama zilivyo za kweli.

Duka la mfano wangu ni la kanga. Kanga iliyotandazwa ina mita 1.5 kwa 1.1 hivi, kwa hiyo iliyokunjwa mara moja na kutundikwa ni kigae cha 2 kwa 3 (26603). Tundika tatu au nne kwenye ukuta unaoonekana kutoka mlangoni, kila moja ikiwa na rangi mbili: kigae cha rangi ya mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, na kibamba chembamba cha rangi ya pindo kikichungulia pembeni. Rafu ni vibamba vya kahawia vya upana wa kinundu 1, vikiachana kwa kimo cha tofali moja na nusu. Doti zilizokunjwa ni vibamba vya 1 kwa 2 vilivyopandana viwili au vitatu, rangi zote ulizonazo: nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, kijani. Hapa ndipo mabaki ya boksi lako yanapopata kazi. Meza ya mwenye duka iwe kulia, si katikati, kwa maana uwazi wa vinundu 3 ukizibwa na meza hutaona chochote kingine. Nusu ya nyuma ya duka iache tupu.

Sakafu ya juu ijenge kama kipande kinachoondoka: vibamba vya ukubwa wa 12 kwa 18, vilivyoshonwa kwa tabaka ya pili juu. Acha wazi sehemu ambayo ngazi inatokea. Juu ya kuta za chini weka vigae, ukibakiza vinundu sita au saba tu kwenye kona na katikati, ili sakafu ikae imara na bado inyanyuke bila kung'oa ukuta.

Kisha igeuze chali. Upande wa chini, juu ya eneo la duka, bandika boriti: kila boriti ni kibamba cha 1 kwa 4 na cha 1 kwa 3 vya kahawia, ncha kwa ncha, vinundu 7 kutoka ukuta hadi ukuta. Ni vipande vilevile ulivyojengea mabawa ya mlango, hivyo nunua kwa pamoja. Acha kinundu kimoja kati ya boriti na boriti, na dari iliyo kati yake iwe nyeupe. Piga jicho kutoka mlangoni, simu ikiwa chini usawa wa kidoli: boriti zitaonekana zikivuka juu ya kanga, na duka litaeleweka kwa nini lina upana huu.

Ghorofa ya juu na roshani

Kimo chake ni matofali 8. Mgawanyo wa mbele: ukuta 2, dirisha 2, ukuta 1, mlango wa roshani 2, ukuta 1, dirisha 2, ukuta 2. Madirisha yawe na kimo cha matofali 3. Jaza dirisha moja kwa matofali yenye mifereji, kwenye mstari wa nyuma wa ukuta, likae limezama kama dirisha lililofungwa wakati wa jua. La pili liache wazi.

Roshani ni kibamba cha 6 kwa 8 (3036): vinundu 3 vinatoka nje, vinundu 3 vinaingia ndani. Ukuta wa mbele unapojengwa juu yake ndio unaokikandamiza. Usijaribu kukining'iniza nje baada ya ukuta kwisha. Chini yake, kwenye safu ya mwisho ya ukuta wa duka, toa mihimili miwili ya mteremko uliogeuzwa (3665) ili roshani ionekane imebebwa. Mbele weka nyuzio mbili za nakshi za vinundu 4 (3633). Ubavuni, ambako uzio huo hauingii, simamisha matofali ya duara (3062) na uyafunike kwa kigae. Roshani za mbao zenye nakshi nyingi kuliko hiyo zipo, na bora kuliko zote kuzitazama ni zile za jengo la Zahanati ya Zamani pale ufukweni, lililoanzwa na Tharia Topan mwaka 1887. Usiige hizo kwenye duka dogo. Lile ni jengo la tajiri mkubwa aliyetaka lionekane kutoka baharini, na hili lako lilitaka kuuza nguo.

Paa

Mabati yashuke kuelekea mtaani. Pandisha ukuta wa nyuma kwa matofali 3 zaidi ya wa mbele, na kuta za ubavuni zipande kwa ngazi za vibamba. Urefu wa mteremko unatoka vinundu 18 na nusu hivi. Ukiongeza upenu unaotokeza mbele, paa ni la 12 kwa 20. Lijenge bapa kwa vibamba, kisha lifunike kwa vigae vyenye mistari (2412), mistari yote ikishuka kutoka juu kwenda chini. Vinahitajika 120 ukifunika lote. Ukitaka kupunguza, funika nusu ya mbele tu na nyuma weka vigae laini vya kijivu. Changanya kijivu na kahawia kidogo kwa kutu, na kutu ikae kwenye viungo na karibu na upenu, si katikati ya bati.

Lishike paa kwa nyuma kwa vibamba vyenye mshikio (60478) vinavyobanwa na vibamba vyenye kishikizo (63868), viwili kwa viwili. Mbele lilale tu juu ya ukuta bila kubanwa. Unaliinua kwa kidole, unaitoa ghorofa, unaona duka.

Waya, kibao na jirani

Kibao cha duka ni kigae cha 1 kwa 8 (4162) juu ya milango, maandishi yakiwa kwenye karatasi ya kubandika. Andika kwa mkono kama kibao halisi kimeandikwa kwa mkono. Waya wa umeme ni uzi mweusi uliobanwa kati ya matofali mawili, kutoka kona ya juu hadi juu ya dirisha. Kichochoro kifunike kwa vigae vya kijivu, lakini acha mfereji wa maji wa upana wa kinundu 1 katikati kama upo kwenye duka lako.

Weka mfano mahali pasipopigwa na jua. Matofali meupe hugeuka manjano kwa mwanga, na hayageuki kwa mpangilio uliouchanganya wewe.

Ubavu wa duka hili haukujengwa utazamwe, kwa hiyo linadai jirani. Duka la pili likiwa na boriti fupi zaidi, lijenge kwa vinundu 11; likiwa na ndefu, 13. Kimo cha baraza kisilingane, mabati yasikutane, na ghorofa zisiwe usawa mmoja. Kabla ya kuanza kulijenga, mrudie mwenye duka wa kwanza na picha ya ulichomaliza. Atakuonyesha ulichokosea, na huenda ndiye atakayekupeleka kwa jirani yake kuomba ruhusa ya kupima.